Tokaji na joto la Dar: mkuu, zitoe hizo chupa stoo leo

Mkuu mleta uzi, zitoe hizo chupa stoo leo hii, mengine tutaongea baadaye. Umesema umerudi kutoka Hungaria na chupa sita za Tokaji Aszú, ule mvinyo mtamu wa kule, puttonyos 5 (kipimo chao cha utamu), unataka kuzilaza stoo ya nyuma ya nyumba hapo Tabata mpaka harusi ya binti yako, miaka kumi ijayo. Umeuliza unatengenezwaje, unanyweka na chakula gani, na kama zabibu za Dodoma zinaweza kutoa kitu cha namna hiyo. Halafu katikati ukachomeka kwamba muuzaji amekuhakikishia "mvinyo mtamu hauharibiki, sukari inautunza". Hapo ndipo nilipoacha nilichokuwa nafanya. Na mimi niliambiwa hivyohivyo, karibu neno kwa neno, nikaamini, na boksi zima likaniharibikia.

Nilikuwa nasoma Miskolc, mji wa Hungaria, na Tokaj, kunakotengenezwa mvinyo huu, haiko mbali na pale. Msimu wa mavuno nilikuwa nakwenda kuchuma zabibu kupata hela ya matumizi. Nilipomaliza masomo, akiba yangu karibu yote niliiweka kwenye boksi la Aszú ya 2013, mwaka ambao wenyewe pale wanausifu sana. Nikafika nalo Dar salama, nikaliingiza chumba cha nyuma, chini ya bati, kwenye kabati lenye giza. Nilidhani giza linatosha. Kiangazi cha kwanza kikapita, cha pili, cha tatu. Sikugusa hata chupa moja, nilikuwa nasubiri sendofu ya mdogo wangu.

Siku yenyewe ilipofika, kwanza foili ilikataa kutoka. Ilikuwa imeganda shingoni. Nilipoikata kwa kisu vidole vikanata, na kizibo kilikuwa kimepanda juu ya mdomo wa chupa, upande mmoja una mstari wa kahawia pale mvinyo ulipokuwa ukipenya kidogokidogo. Kwenye glasi rangi ilikuwa ya chai ya rangi iliyokolea. Rangi peke yake isingenitisha, maana Aszú ikizeeka vizuri nayo huwa kama kaharabu. Kilichoniua ni harufu. Aprikoti hakuna, asali hakuna, ganda la chungwa hakuna. Ilibaki sukari iliyoungua. Mjomba, mtu mstaarabu sana, alipiga funda moja, akaweka glasi mezani, akaomba maji. Nikafungua ya pili, hali ileile. Ya tatu, hali ileile.

Sasa tuiweke wazi hiyo hoja ya sukari, maana ndiyo inayowapiga watu. Kwa kanuni zao za tangu 2013, Aszú lazima ibaki na sukari isiyopungua gramu 120 kwa lita, na hiyo ndiyo daraja ya puttonyos 5. Inasikika nyingi. Lakini soda ya kola ina zaidi kidogo ya gramu 100 kwa lita, na sijaona mtu anayetunza soda kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Asali inakaa miaka na miaka kwa sababu karibu asilimia 80 yake ni sukari na maji ni machache mno, vijidudu haviwezi kuishi humo. Mvinyo wako uko mbali sana na hapo. Na hata kama sukari ingezuia vijidudu, joto halihitaji vijidudu. Linaharakisha kemia yenyewe. Kwa kanuni ya jumla, joto likipanda nyuzi 10, kasi ya mabadiliko mengi ya kikemia huongezeka karibu mara mbili. Mvinyo uliozoea nyuzi 12 ukiuweka kwenye chumba cha nyuzi 32, umeubebesha mzigo ambao haukuumbwa kuubeba. Kisha unatanuka mchana na kunywea usiku, kizibo kinasukumwa, hewa inaingia. Basi, imekwisha.

Aliyeniambia maneno yale alikuwa na duka zuri, taa nzuri, tai shingoni. Alijua kabisa naishi wapi, nilimwambia naipeleka pwani ya Afrika Mashariki. Nilimuuliza mara mbili kuhusu joto. Akacheka, akasema hata kabatini jikoni itakaa miaka 20. Nikikumbuka sasa, chupa zake mwenyewe alizipanga dirishani zinapigwa na jua. Kama joto lingekomaza mvinyo, Wahungaria wangekuwa wanatuletea mapipa yao tuwalelee Temeke! Labda alikuwa amesikia habari za Eszencia, ule mchuzi mzito unaojichuja wenyewe kutoka kwenye zabibu za aszú, yaani zilizosinyaa, wenye sukari kuanzia gramu 450 kwa lita, unaoweza kukaa miaka 100. Lakini hata huo hukaa miaka 100 kwenye mahandaki ya Tokaj. Jikoni kwa mtu, thubutu.

Na hayo mahandaki ndiyo jibu lenyewe. Yamechimbwa kwenye mwamba wa volkano, membamba, unatembea umeinama. Ndani ni nyuzi 10 hadi 12, masika na kiangazi, na hewa imejaa unyevu. Kuta zimevaa kuvu jeusi laini, ukiweka kiganja linabonyea, na chupa za zamani zimefunikwa nalo mpaka huoni kioo. Watu wanasifu miaka ya Tokaji wakasahau kwamba miaka hiyo yote imepita kwenye baridi isiyobadilika. Ukiutoa ule mvinyo kwenye ile baridi, na ile sifa ya kukaa miaka umeiacha kulekule.

Umeuliza unatengenezwaje. Nitakwambia kwa sababu nataka ujue nini kitaharibika humo stoo. Mito ya Bodrog na Tisza inakutana pale mjini, na asubuhi za vuli ukungu unapanda mashambani. Kuvu liitwalo Botrytis cinerea linatoboa ganda la zabibu. Mchana jua likitoka, maji yanavukizwa, punje inasinyaa, sukari na ukali wake vinakolea ndani. Mvua ikiendelea, kuvu hilohilo linaozesha kichala chote na mwaka umepotea. Ndiyo maana unachuma punje mojamoja, ile iliyosinyaa unaiweka kando, nzima unaiacha. Mgongo unalia siku nzima, na jioni mchumaji hodari anarudi na kilo chache tu. Punje zinalowekwa kwenye juisi au mvinyo, zinakamuliwa, kisha angalau miezi 18 kwenye mapipa ya mwaloni. Kazi yote hiyo, halafu tuipikie chini ya bati!

Dodoma kuna zabibu nzuri na utamu unapatikana, unaweza hata kuzianika zikolee. Ila ukungu wa asubuhi kama ule wa Tokaj haupo, kwa hiyo aszú hutaipata.

Cha kufanya ni hiki. Kama una uwezo, nunua friji dogo la mvinyo, liweke nyuzi 12, chupa zilale ili kizibo kisikauke. Huna? Ziweke friji la kawaida, droo ya chini kabisa. Kwa miaka kumi si pazuri, baridi yake ni kavu na kizibo kitateseka, lakini kwa mwaka mmoja au miwili ni bora mara mia kuliko hiyo stoo. Kiyoyozi cha kuwasha usiku na kuzima asubuhi usikitegemee, kupanda na kushuka huko ndiko kunakosukuma vizibo. Kama una ndugu wa kuaminika Njombe, Makete au Lushoto, mwenye chumba cha kuta nene kisichopigwa jua, mpelekee na umlipe kwa shukrani. Na ukikosa vyote hivyo, zinyweni mwaka huu, wewe na mama watoto na huyo binti kama umri umefika. Glasi ndogo, nyuzi 10 hadi 12, na chupa ikishafunguliwa inakaa friji wiki mbili bila shida. Harusini mtapata kingine. Mahali pa baridi kwanza, kununua baadaye. Kwenye hilo mimi sitanii na mtu.

Hujasema zimekaa humo stoo muda gani. Pitisha kidole juu ya foili ya kila chupa. Ikizunguka kirahisi na kilele ni bapa, bado uko salama. Ikinata, au ukihisi kizibo kimevimba juu, hiyo ifungue wikiendi hii. Angalia na mvinyo umefika wapi shingoni, zisimamishe zote pamoja, ulinganishe, kisha upige picha uweke hapa tuzione.