Swali la lugha: Je, salfa huchimbwa?

Swali: "Ninahariri kitabu cha kemia cha sekondari. Mwandishi ameandika, 'Salfa huchimbwa na kutengenezwa kwa wingi kutoka kwenye mafuta na gesi.' Mhariri mwenzangu amefuta 'huchimbwa' akaweka 'huokolewa', kwa hoja kwamba hiyo ndiyo lugha ya wataalamu. Kitenzi sahihi ni kipi?"

Jibu: Kasoro ya sentensi hiyo haiondoki kwa kubadili kitenzi kimoja, kwa kuwa salfa hupatikana kwa njia zinazotofautiana sana, na kila njia ina kitenzi kinachoifaa. Kabla ya kuchagua kitenzi, mwandishi hana budi kujua salfa anayoizungumzia ilikuwa katika hali gani kabla ya mtu kuifikia.

Tunaposema kitu kimechimbwa, tunamaanisha kwamba kilikuwa ardhini na mtu akakifukua kwa chombo. Salfa ya namna hiyo ipo. Katika karne ya 19, sehemu kubwa ya salfa iliyouzwa duniani ilitoka kisiwa cha Sicilia, Italia, ambako wachimbaji walivunja miamba yenye salfa, wakairundika katika matanuri na kuitia moto, hivi kwamba sehemu ya salfa iliungua na joto lake likaiyeyusha iliyobaki. Hata hapo mhariri makini ataandika kuwa kilichochimbwa ni mwamba, na salfa ikayeyushwa. Katika volkeno ya Kawah Ijen, kisiwani Java, Indonesia, kazi hiyo inaonekana kwa macho: gesi za volkeno huelekezwa ndani ya mabomba, zikipoa salfa hudondoka ikiwa ya majimaji yenye rangi nyekundu, kisha huganda na kugeuka njano. Wachimbaji huivunja kwa mitaimbo na kuipandisha ukingoni mwa kasoko kwa vikapu, mara nyingi mzigo mmoja ukizidi kilo 70. Wao huitwa wachimbaji, nami sioni sababu ya kuwanyima jina hilo.

Mambo hubadilika tukifika Louisiana, Marekani. Huko salfa ilijulikana kuwepo chini ya tabaka za mchanga uliojaa maji, na majaribio ya kuchimba shimo la kuifikia yalishindwa, kwani mchanga uliporomoka na gesi yenye sumu ikawaua watu. Mwaka 1894 Herman Frasch, mkemia mzaliwa wa Ujerumani, alifaulu kuitoa bila mtu yeyote kushuka chini. Alizamisha mabomba matatu, moja ndani ya jingine. Bomba la nje lilipitisha maji yenye joto la nyuzi 160 hivi za selsiasi, ambayo hayakugeuka mvuke kwa sababu yalikuwa yamegandamizwa. Na kwa kuwa salfa huyeyuka kwenye nyuzi 115 hivi, ikalainika ikawa majimaji. Hewa iliyosukumwa katika bomba la ndani kabisa ikaichanganya na mapovu, ikawa nyepesi, ikapanda juu kupitia bomba la kati, tena ikiwa safi kwa zaidi ya asilimia 99. Kwa njia hii "kuchimba" kunafaa kwa kisima tu. Salfa yenyewe huyeyushwa na kupandishwa, na mahali penyewe ningependa paitwe kisima cha salfa, si mgodi.

Sasa tuje kwenye sentensi ya mwandishi wako, ambayo inahusu chanzo kikuu cha siku hizi. Gesi asilia na mafuta ghafi huwa na salfa, hasa kama haidrojeni salfaidi, yaani gesi ya haidrojeni iliyoungana na salfa, au kampaundi nyingine (dutu za elementi zilizoungana) zinazoweza kugeuzwa kuwa gesi hiyo. Kwa njia iliyobuniwa na Carl Friedrich Claus mwaka 1883 na kuboreshwa baadaye, theluthi moja ya haidrojeni salfaidi huunguzwa ikawa salfa dioksaidi, yaani gesi ya salfa iliyoungana na oksijeni, nayo ikikutana na theluthi mbili zilizobaki, kwa msaada wa kichocheo (dutu inayoharakisha badiliko la kikemia), hutoa salfa na maji. Hakuna anayechimba salfa hapo. Wala haitengenezwi, kwa maana salfa ni elementi, yaani dutu ya msingi isiyoundwa kwa kuunganisha dutu nyingine, na kiwanda huifungua tu kutoka katika kampaundi iliyokuwamo.

"Huokolewa" ya mhariri mwenzako siikubali kabisa. Huo ni mfuatisho wa lugha nyingine. Katika Kiswahili huokolewa kilicho hatarini, ilhali salfa iliyo katika gesi ndiyo yenye kuleta hatari: haidrojeni salfaidi ni sumu, hula mabomba, na ikiungua huchangia mvua ya asidi. Kitenzi ninachokipendekeza hutegemea unachokitaja kwanza. Ukizungumzia usafishaji wa mafuta, salfa huondolewa, kwa kuwa ni uchafu usiotakiwa. Ukizungumzia upatikanaji wa salfa, hutolewa. Ukitumia "kutenganisha", kumbuka kuwa kitenzi hicho hufuatwa na "na": salfa hutenganishwa na mafuta. "Kuzalisha" ninakikubali panapotajwa kiasi, kama katika "tani zinazozalishwa kwa mwaka".

Ningeandika hivi: "Salfa nyingi inayotumika leo hutolewa katika gesi asilia na mafuta ghafi wakati wa kuyasafisha, kiasi kidogo huchimbwa penye volkeno, au huyeyushwa chini ya ardhi na kupandishwa kwa mabomba."

Ikiwa sura hiyo inagusa pia matanuri ya kuyeyushia shaba, badilisha hata kiima cha sentensi. Huko salfa dioksaidi inayotoka kwenye mbale, yaani mawe yenye madini, hukusanywa na kugeuzwa moja kwa moja kuwa asidi ya salfuriki, kwa hiyo kinachopatikana ni asidi, na sentensi ianze na asidi.