Kupandisha pH hadi 12 hakuzamishi metali zote: jibu kwa anayetaka kumwaga chokaa

Usiimwage hiyo chokaa kwanza. Umeeleza kwamba maji taka yako yanatoka kwenye matangi ya kupaka metali kwa umeme, yana kromiamu, zinki na nikeli kwa pamoja, na kwamba muuzaji wa kemikali amekushauri utumie chokaa kupandisha pH (kipimo cha asidi na alkali) hadi 12 ili kila kitu kizame kwa mkupuo mmoja. Ukauliza pia ukubwa wa tangi la kutulizia na namna ya kukausha tope.

Ushauri huohuo nilipewa na muuzaji mwingine, kwa uhakika uleule, nami nikaufuata. Maji yalitoka maangavu kiasi cha kufaa kupigwa picha ya tangazo. Maabara peke yake ndiyo haikuvutiwa. Zinki ilikuwa imerudi majini, kromiamu haikuwa imeguswa, na tope lilikuwa jingi mno kwa sababu sehemu kubwa yake ilikuwa chokaa ambayo haikufanya kazi yoyote, ikaziba vitambaa vya mashine ya kukamulia na kuongeza uzito wa taka hatarishi tuliyolazimika kulipia uondoshaji wake. Yule bwana, ambaye kipimo chake cha mafanikio kilikuwa idadi ya mifuko iliyouzwa, alijibu kwamba tuongeze chokaa.

Kosa liko hapa. Chokaa huzamisha metali kwa kuzigeuza kuwa haidroksidi, yaani mashapo yasiyoyeyuka kirahisi, na kila haidroksidi ina eneo lake la pH ambamo huyeyuka kwa uchache zaidi: ya kromiamu yenye valensi tatu ni karibu na 8, ya zinki ni kati ya 9 na 10, ilhali nikeli huhitaji kupita 10. Haidroksidi za zinki na za kromiamu hiyo ni amfoteriki, yaani huyeyuka katika asidi na katika alkali pia, kwa hiyo ukizidisha alkali, mashapo uliyokwisha kuyapata huyeyuka upya. Kromiamu yenye valensi sita, ile inayoyapa maji rangi ya njano, haizami kama haidroksidi kwa pH yoyote ile. Ni lazima kwanza igeuzwe kuwa ya valensi tatu, kwa kawaida kwa sodiamu metabaisalfaiti katika pH ya 2 hadi 3. Hesabu ya kikemia hudai takriban gramu 2.7 za kemikali hiyo kwa kila gramu 1 ya kromiamu, lakini tangini huhitajika zaidi kwa kuwa oksijeni nayo hula sehemu yake. Rangi ikishageuka kutoka njano kuwa kijani, ndipo uanze kupandisha pH. Fanya hivyo penye hewa ya kutosha, kwani gesi ya salfa dayoksaidi hutoka, na iwapo kuna mkondo wowote wenye sianidi, usikutane kamwe na maji hayo yenye asidi, maana gesi itakayozalishwa inaua.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, nami siilegezi kwa muuzaji yeyote: hakuna pH inayoingia tangini kabla ya kuthibitishwa ndani ya bika, yaani glasi ya maabara, kwa maji yako mwenyewe. Tenga mkondo wa kromiamu, uutibu peke yake, kisha panga bika kadhaa za maji yaliyochanganyika, kila moja kwa pH yake kuanzia 8 hadi 11, koroga, tia kidogo polima ya kushikamanisha chembe, acha yatulie, halafu peleka maabara sampuli mbili za kila bika, iliyochujwa na isiyochujwa. Nikeli ikionekana katika isiyochujwa pekee, chembe hazijashikamana vizuri na dawa yake ni polima au kasi ya kukoroga. Ikibaki hata katika iliyochujwa ilhali pH imepita 10, shuku amonia au EDTA (kemikali inayofunga metali) kutoka kwenye matangi ya uzalishaji, ambazo huishikilia nikeli ndani ya maji; hapo utahitaji kuvunja kifungo hicho au kutumia kemikali ya salfaidi, ukihakikisha pH haishuki, kwa sababu haidrojeni salfaidi nayo ni sumu.