Kwa Mhariri Mpya wa Riwaya na Insha: Niliyojifunza kwa Mchapishaji Huru

Mtu anayeanza kazi kwa mchapishaji huru wa riwaya, hadithi fupi na insha za wakati wetu mara nyingi hufika akidhani kwamba kazi yake itakuwa kupekua lundo la miswada hadi aupate ule mmoja unaong'ara. Kupekua kupo, na kunachosha, lakini jambo lililo kubwa zaidi ni kwamba mchapishaji mdogo hachagui vitabu tu, bali huchagua waandishi, na huwachagua kwa miaka mingi. Hana fedha za kushindana na kampuni kubwa katika malipo ya awali wala katika matangazo. Alicho nacho ni uhuru wa kusubiri, na karibu kila ninalokuandikia hapa linahusu namna ya kuutumia uhuru huo vizuri.

Uhuru huo una historia. Mwandishi Mwingereza Virginia Woolf na mumewe Leonard walipoanzisha kampuni yao ya uchapishaji, Hogarth Press, mwaka 1917, wakichapa kwa mashine ndogo ya mkono nyumbani kwao, Virginia alipata nafasi ya kuandika majaribio yake bila kumwomba mhariri yeyote ruhusa. Karibu karne moja baadaye, mwaka 2014, mchapishaji huru Fitzcarraldo Editions ilianzishwa London, ikawa inatoa bunilizi kwa majalada ya samawati na insha kwa majalada meupe, bila picha. Ilichapisha tafsiri za Mfaransa Annie Ernaux na Mnorwe Jon Fosse kabla hawajapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, mmoja mwaka 2022 na mwingine mwaka 2023. Usivutwe sana na tuzo zenyewe. Kinachonivutia mimi ni kwamba msomaji wa mchapishaji wa aina hiyo hufika mahali akanunua kitabu cha mwandishi asiyemjua kabisa, kwa sababu tu anaiamini orodha ya vitabu vya mchapishaji kilimotoka. Imani hiyo hujengwa kitabu kwa kitabu, na kila mswada unaoukubali bila kuupenda huipunguza.

Kwa hiyo jifunze kusoma polepole. Usomaji wa kwanza ufanye bila kalamu mkononi, kama msomaji wa kawaida, na uandike ulivyojisikia pale tu utakapomaliza. Waandishi wengi hurekebisha kurasa za mwanzo mara nyingi kuliko zote, hivyo mwanzo mzuri hauthibitishi mengi. Mswada hujulikana katikati, pale ambapo tukio la kwanza limekwisha kupoa na sauti ya msimulizi inapaswa kujitegemea. Soma kurasa chache za katikati kwa sauti. Sentensi iliyojificha machoni haijifichi masikioni. Baada ya hapo jiulize mswada huu unafanya nini ambacho vitabu vingine katika orodha yetu havifanyi, na kama huna jibu, usijitungie. Jihadhari pia na mswada unaofanana na kitabu kilichosifiwa juzi: tangu mkataba kutiwa saini hadi kitabu kufika dukani mara nyingi hupita mwaka mzima au zaidi, na wakati huo sifa zitakuwa zimehamia kwingine.

Wageni wengi katika kazi hii hukataa kazi ngumu kwa hoja kwamba msomaji hataielewa. Naiona hoja hiyo kuwa dhaifu. Msomaji anayetafuta vitabu vya wachapishaji kama sisi amekuja kwa hiari yake, na mara nyingi amekuja kwa sababu amechoka kuandikiwa kana kwamba hawezi kufikiri. Swali la haki ni kama ugumu wa mswada umezaliwa na jambo linalosimuliwa au na uzembe wa mwandishi, na hilo ndilo swali ambalo uhariri wote hulizunguka.

Ukishaanza kuhariri, utakutana kila siku na sentensi zinazokukwaza, na itakubidi uamue kama unachokiona ni kasoro au ni mtindo. Chukua msimulizi anayerudia neno moja mara tatu katika aya moja. Ikiwa hurudia hivyo kila anapomzungumzia mama yake, na mahali pengine hazungumzi hivyo, basi mwandishi amefanya jambo la makusudi, na kulifuta ni kumnyamazisha mhusika. Ikiwa marudio yapo katika aya hiyo peke yake, pengine ni mchoko wa usiku. Huwezi kujua tofauti hiyo kwa kuitazama aya peke yake. Lazima uwe umeubeba mswada mzima kichwani. Ndiyo maana barua ya kwanza kwa mwandishi inapaswa kuzungumzia muundo, yaani mpangilio wa wakati, nafasi ya kila mhusika na mahali ambapo simulizi inalegea, nayo masahihisho ya sentensi yasubiri hadi hayo yatulie. Kunyoosha sentensi za sura ambayo huenda ikaondolewa ni kupoteza nguvu za watu wawili.

Katika barua hiyo andika maswali zaidi ya maagizo. Ukisema kwamba sura ya tano ni ndefu mno, mwandishi ataikata. Ukisema kwamba ulipofika sura ya tano ulikuwa umemsahau kaka aliyeondoka, na ukauliza kama ndivyo alivyotaka, huenda akagundua kwamba tatizo liko sura ya pili. Waandishi wazuri hupata suluhisho bora kuliko letu mara wanapoonyeshwa mahali panapouma. Wakati huohuo tengeneza jedwali la riwaya: majina na tahajia zake, umri wa wahusika, miaka ya matukio, rangi ya mlango ikitajwa. Kazi hii hudharauliwa kwa sababu haina fahari, lakini msomaji akishakuta mtoto aliyekuwa na miaka tisa wakati wa mazishi anarudi mwaka mmoja baadaye akiwa na kumi na mbili, ataacha kuuamini hata ule ukurasa mzuri unaofuata.

Insha inahitaji sikio jingine. Ndani yake tunafuata fikra ikitembea, na kasoro inayojitokeza mara nyingi ni mwandishi kufika kwenye hitimisho kabla ya safari kuanza, kisha akatumia kurasa zilizobaki kuthibitisha alichokwisha kusema. Tafuta aya ambayo mwandishi anashangaa au anajipinga kwa dhati. Mara nyingi insha ya kweli huanzia hapo, na zilizotangulia zinaweza kuondoka. Katika mkusanyiko, angalia pia kisa kilekile kinachosimuliwa katika insha mbili. Halikupata kuwa tatizo zilipotoka katika majarida tofauti, lakini ndani ya jalada moja huonekana mara moja.

Insha pia hudai uthibitisho ambao riwaya haidai kwa kiwango hicho. Kila jina, tarehe na nukuu irudishwe kwenye chanzo chake cha asili, si kwenye kitabu kingine kilichokinukuu. Wanapotajwa watu walio hai, hasa ndugu na wapenzi wa zamani, zungumza na mwandishi mapema, na pale panapohitajika umshirikishe mwanasheria. Beti za mashairi na mistari ya nyimbo ambazo bado zina hakimiliki mara nyingi huhitaji idhini hata zikiwa fupi, na idhini huchukua muda, kwa hiyo iombe kabla kitabu hakijapangwa kurasa.

Fedha usiziache kwa wengine. Omba uonyeshwe hesabu ya kitabu kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Utaona kwamba duka na msambazaji kwa pamoja mara nyingi huchukua karibu nusu ya bei, kwamba mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika bei ya kila nakala inayouzwa, kwa kawaida ni asilimia 10 au pungufu, na kwamba kinachobaki ndicho kinacholipa uchapaji, jalada, ghala na mshahara wako. Katika masoko mengi nakala zisizouzwa hurudishwa kwa mchapishaji, na ndiyo sababu toleo la kwanza huchapwa kwa tahadhari. Soma na mkataba mzima, ukizingatia haki za tafsiri, ambazo zinaweza kumfaidi mwandishi na mchapishaji kuliko mauzo ya nyumbani, pamoja na kifungu kinachoeleza lini haki humrudia mwandishi kitabu kikikosekana sokoni. Ukurasa wa kitabu hauongezwi mmoja mmoja. Mara nyingi karatasi hukunjwa katika mafungu ya kurasa 16, kwa hiyo msikilize msanifu anapokuambia kwamba aya tatu za ziada zitaongeza fungu zima.

Barua za kukataa uziandike mwenyewe, fupi, na usitoe sababu ambayo si sababu yenyewe. Usimwombe mtu mswada wake ujao kama huna nia ya kuusoma.

Mtihani mkubwa utakuja na kitabu cha pili. Cha kwanza kitakuwa kimeuza nakala chache, wahakiki wawili watakuwa wamekisifu, na mkutano utakaa kuamua kama tuendelee na mwandishi huyo. Uwe umesoma vitabu vyote viwili kabla ya siku hiyo. Njoo na kurasa ulizozichagua, uonyeshe mahali ambapo mwandishi ameweza jambo alilolishindwa mwanzo, ulete hesabu ya toleo dogo tunaloweza kulimudu, na majina ya wauza vitabu waliokipenda kile cha kwanza ambao utawaandikia wewe mwenyewe.