Mnarani Hawauzi Tiketi: Majibu kwa Wasomaji wa Kusini

Barua za mwezi huu nyingi ni za ndege, na karibu zote zinazunguka palepale: hii Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, kazi yake hasa ni ipi? Mhariri amenikabidhi safu nzima kwa kuwa maisha yangu ya kazi yote yalikuwa ya kuongoza ndege, na miaka ya mwisho niliimalizia hapa Mtwara.

Shikamoo mama. Nilikata tiketi ya kumpeleka baba Muhimbili. Tumefika kiwanjani alfajiri, saa nne tunaambiwa ndege haiji, "tatizo la kiufundi". Ofisi ya kiwanja wakasema si wao. Nikataka kupanda mnarani, askari akanizuia. Sasa hao TCAA wanapatikana wapi, na wana faida gani kwetu? — Msomaji, Chikongola, Mtwara

Marahaba mwanangu. Pole kwa safari iliyovunjika, na Mungu amjalie baba afya. Askari alifanya sawa kukuzuia. Mnarani hawauzi tiketi, wala hawajui kwa nini ndege yako haikuondoka Dar mpaka waambiwe. Na mtu akiwaingilia na malalamiko wakati rubani yuko redioni, anahatarisha watu walioko angani.

Kiwanja chetu ukikitazama kutoka barabarani utadhani kina mwenyewe mmoja. Jengo la abiria, uzio, taa na ile barabara ya kurukia iliyorefushwa kutoka mita 2,258 hadi 2,800 ni vya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, TAA. Habari za upepo na mawingu zinatoka Mamlaka ya Hali ya Hewa. Magari mekundu ni ya Zimamoto. Ndege, rubani na tiketi ni vya kampuni. TCAA utaikuta katika mambo mawili: sauti inayozungumza na rubani kutoka mnarani, na cheti ambacho kampuni isipokuwa nacho hairuhusiwi kubeba hata abiria mmoja. Ukiona ubavuni mwa ndege herufi zinazoanza na 5H, ujue imesajiliwa na TCAA.

Zamani haikuwa hivi. Hadi 1977 anga letu lilikuwa chini ya Kurugenzi ya Usafiri wa Anga ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao yake Nairobi. Jumuiya ilipovunjika, chuo cha usafiri wa anga kikabaki Nairobi, cha marubani kikabaki Soroti, Uganda, na sisi tukaunda Kurugenzi yetu ndani ya wizara. Huko ndiko nilikoajiriwa. Mwajiri yuleyule alifyeka majani kando ya barabara ya kurukia, akakusanya ada za kutua, akaongoza ndege, akampa rubani leseni na akakagua kama ndege inafaa kuruka. Mkaguzi alikuwa anamkagua mwenzake wa meza ya pili, na bosi wao mmoja.

Ninyi watu wa korosho hamhitaji kuelezwa ubaya wa hilo. Ghalani kwa chama cha msingi karani anapima, lakini mizani inakaguliwa na Wakala wa Vipimo. Siku karani atakapopewa na kazi ya kukagua mizani yake mwenyewe, mkulima ataumia, hata kama karani ni mtu mwaminifu.

Mwaka 1999 viwanja vikaondolewa mikononi mwetu vikapewa TAA, na Kurugenzi ikawa wakala wa serikali. Kisha tarehe 1 Novemba 2003, kwa sheria iliyopitishwa mwaka huo, ikazaliwa Mamlaka: ina bodi yake, ina mapato yake, na ina nguvu ya kumnyima mtu leseni. Wenzangu wengi walidhani tumebadilishiwa kibao cha mlangoni tu. Mimi niliona tofauti kwenye mafaili. Kampuni iliyokuwa na dosari haikumalizana tena na mtu kwa salamu na ahadi. Iliandikiwa barua yenye tarehe ya mwisho, na tarehe ikipita hatua inafuata.

Turudi kwa baba yako. Andika malalamiko kwa kampuni kwanza, kwa maandishi, ukitaja namba ya safari na kila saa uliyopewa taarifa. Tiketi usiitupe, hata ile ya kwenye simu. Risiti za chakula na malazi zitunze. Kampuni ikikaa kimya au ikikujibu ovyo, peleka barua hiyohiyo TCAA. Wapo watu walioajiriwa kushughulikia malalamiko ya abiria, na lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, ambalo kazi yake ni kumsemea msafiri. Asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. Ni njia ndefu, nakubali, ila kila barua inayofika inamwambia mkaguzi aangalie wapi. "Tatizo la kiufundi" likijirudia kwa ndege ileile, anapaswa kulijua, na wewe ni mmoja wa watu wanaoweza kumjulisha.

Mama, kwa nini nauli ya ndege Mtwara hadi Dar isipangwe kama ya basi? — Mfanyabiashara, Masasi

Nauli ya basi ina kikomo kinachowekwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Ya ndege imeachwa kwa kampuni na soko, ndiyo maana abiria wa kiti cha mbele na wa kiti cha nyuma wanaweza kuwa wamelipa tofauti kabisa. TCAA inachoweza kufanya ni kuruhusu kampuni nyingine zenye sifa ziingie kwenye njia. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikata barabara upande wa Kilwa, tulijua wote thamani ya kuwa na ndege zaidi ya moja.

Shikamoo. Serikali ilisema imenunua rada nne. Mbona hakuna hata moja Lindi wala Mtwara? Au ni ile hadithi ya chenji ya rada? — Mstaafu, Nachingwea

Shikamoo na wewe, kaka yangu, maana barua yako inaonyesha umenitangulia.

Hizo ni habari mbili. Chenji ya rada ilitokana na mtambo ulionunuliwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa pauni milioni 28, bei iliyopigiwa kelele hata bungeni kwao. Mwishowe kampuni iliyouuza, BAE Systems, ikalipa pauni milioni 29.5, na fedha hizo zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule. Rada nne ni za mkataba wa 2017, nazo zilifungwa Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Rada ya kuongozea ndege haiishii mpakani mwa mkoa. Inaona mamia ya kilomita. Kukosekana kwa mtambo Lindi hakumaanishi kwamba ndege ikivuka Rufiji inapotea.

Nataka lakini ujue tulivyofanya kazi bila hizo rada. Kila ndege ilikuwa na kipande chake cha karatasi ndani ya kishikio cha plastiki, vimepangwa kwa safu mbele yako. Umeandika kwa mkono jina la safari, aina ya ndege, kimo, na dakika anayotarajiwa kufika. Rubani anaita redioni, anataja alipo, unakata kimo cha zamani kwa kalamu na kuandika kipya pembeni. Ndege ya pili ikitokea, huoni kitu angani. Unasoma karatasi mbili na kuzitenganisha kwa dakika na kwa futi. Dirishani kulikuwa na darubini na taa ya ishara, kijani ya kuruhusu na nyekundu ya kukataza, kwa siku redio ikizimika. Msimu wa utafiti wa gesi, helikopta za baharini zilipoongezeka, safu ile ya karatasi ilijaa mpaka mwisho wa meza. Aliyewahi kukaa kwenye kiti kile hawezi kusema rada ni anasa.

Mapato ya Mamlaka kwa sehemu kubwa yanatokana na ada za huduma hiyo ya kuongoza ndege, zikiwemo za ndege zinazokatiza anga letu bila kutua. Kwa hiyo ni halali yako kuuliza fedha hizo zinakwenda wapi. Uliza, na endelea kuuliza.

Tumeungana wakulima tunataka kununua droni ya kupulizia mikorosho. Muuzaji anasema hakuna kibali kinachotakiwa kwa kuwa ni mashine ya kilimo. — Katibu wa kikundi, Newala

Msimlipe mpaka mpate vibali. Ndege nyuki, hata ibebe dawa ya ugonjwa wa mikorosho, ubwiriunga, badala ya kamera, ni chombo cha angani; TCAA inaisajili na kutoa kibali, na anayeirusha lazima awe na sifa. Wizara ya Ulinzi nayo ina neno lake, na sisi tuko mpakani na Msumbiji, msilichukulie hilo kuwa usumbufu. Dawa yenyewe iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Anzeni maombi mapema, kabla mikorosho haijatoa maua. Maua yakishatoka, ugonjwa hautasubiri karatasi zenu.

Nilipoanza kazi hakuna aliyefikiri kwamba kikundi cha wakulima wa Newala kitakuwa mteja wetu. Leo ofisi inayokagua ndege ya abiria mamia ndiyo inayoandikisha chombo kinachobebwa begani na kijana.

Nina nyumba ya wageni Kilwa Masoko. Wageni kutoka Ulaya wananiuliza kama ndege zetu ni salama, wamesikia zimefungiwa. Niwajibu nini? — Dada wa Kilwa

Wajibu ukweli. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya kampuni zisizoruhusiwa kuruka kwenye anga lao, na Juni 2025 ukaongeza kampuni zote zenye cheti cha Tanzania. Katazo linahusu anga la Ulaya. Halimzuii mgeni kupanda ndege hapa nchini. Ila mawakala wa safari wa huko hawawezi kumficha mteja jambo hilo, na wewe unategemea ndege ndogo za kufika Kilwa, kwa hiyo limekugusa mfukoni. Naelewa, na linaniuma.

Soma sababu walizotoa. Juni hawakuchagua ndege moja moja na kusema hii mbovu. Walimnyooshea kidole msimamizi: uhaba wa wataalamu wenye sifa, na ukaguzi usio na nguvu katika uendeshaji wa ndege na katika ubora wake. Nimesikia watu wakisema ni wivu wa wazungu. Sikubaliani nao. Mkaguzi mzuri ni rubani au fundi aliyeiva, na huyohuyo kampuni za ndege zinamtaka kwa mshahara mnono zaidi. Asipolipwa vizuri ataondoka, na atakayebaki atakagua mafaili badala ya ndege. Nchi za Afrika Mashariki ziliona tatizo hili mapema, ndiyo maana 2007 zikaunda chombo cha pamoja, CASSOA, chenye makao Entebbe, ili hata wakaguzi waweze kuazimana.

Nina rai nyingine, na ninaisema nikiwa mtu wa mnarani. Mamlaka bado inafanya kazi mbili: inaongoza ndege, na inasimamia usalama wa wote, pamoja na hao waongoza ndege wake. Afrika Kusini waliunda kampuni ya kuongoza ndege 1993, na msimamizi wake akaundwa peke yake 1998. Uingereza walimaliza kutenganisha 2001. Sisi tulitoa viwanja 1999; tuutoe na mnara. Wenzangu watanilaumu, maana mnara ndio unaoleta fedha, na msimamizi akibaki bila ada hizo itabidi serikali imtengee mapato ya uhakika. Hiyo ni kazi ya Bunge, na ifanyike.

Uchunguzi wa ajali tayari umewekwa kando: uko chini ya kitengo cha wizara, nje ya TCAA. Ndege ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, wakafa watu 19, ilibidi pia maswali yaulizwe kuhusu msimamizi na waokoaji. Asingeweza kujiuliza mwenyewe.

Shikamoo bibi. Niko kidato cha tatu Lindi. Nataka kuwa mkaguzi wa ndege. Walimu wananiambia nichague kitu kingine. — Mwanafunzi

Marahaba mjukuu wangu. Usichague kingine. Shikilia fizikia na hisabati, na Kiingereza ukiseme kwa sauti, si kukiandika tu. Marubani na waongoza ndege wa dunia nzima wanapimwa lugha hiyo, na kwa safari za kimataifa hawaruhusiwi kushuka chini ya daraja la nne kati ya sita.

Mkaguzi hatoki shuleni moja kwa moja. Anaanza kuwa fundi, rubani au mwongoza ndege, anafanya kazi miaka kadhaa, ndipo anakabidhiwa ukaguzi. Ukipenda mashine, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kinafundisha ufundi wa ndege. Ukipenda mnara, nenda Chuo cha Usafiri wa Anga cha TCAA, Dar es Salaam. Kazi ya mnarani ina kipimo cha afya cha macho na masikio, kwa hiyo kapime macho likizo hii. Ukihitaji miwani, vaa, haikuzuii. Na mwambie mwalimu wako wa fizikia aniandikie, nitamjibu.