Kupima wanafunzi mkojo kwa lazima: yaliyonikuta Tanga

Dada, umeuliza kama shule ya serikali inaweza kumlazimisha mwanao apimwe dawa za kulevya. Mimi ni mzazi, niko Tanga hapa hapa, na yalinikuta.

Kijana wangu wa kidato cha tatu alipangwa foleni na wenzake nyuma ya vyoo, kila mmoja na kikopo chake. Mzazi hata mmoja hakuambiwa. Mwalimu akachovya kijiti cha kupimia, ukatokea mstari mmoja tu, kwenye herufi C. Vijiti hivi ni kinyume na vya mimba: mistari miwili huna kitu, mmoja unao. Mtoto akarudishwa nyumbani, na kabla ya magharibi mtaa wetu wote wa Makorora unamwita teja. Kumbe alikuwa siku ya nne anakunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini aliyoandikiwa na daktari. Kodeini na heroini ni za ukoo mmoja, na kijiti cha kawaida hakizitenganishi, mpaka maabara. Cheti tulikuwa nacho. Hakuna aliyekiuliza.

Unga umetumalizia vijana hapa mjini, nimezika mtoto wa jirani, sitetei mtu. Ila kuna sheria.

Anayesema kwamba Marekani wanapima wanafunzi wote amekosea. Mahakama yao ya Juu iliruhusu kupima wanafunzi wanamichezo mwaka 1995, kesi ya Vernonia. Mwaka 2002, kesi ya Earls, ikaongeza walio kwenye kwaya, vilabu na mashindano, kwa kura 5 dhidi ya 4. Na katika kesi hiyo majibu hayakupelekwa polisi, wala mtoto hakukatishwa masomo. Alisimamishwa shughuli hizo tu.

Kwetu, ibara ya 16 ya Katiba inalinda nafsi na maisha binafsi ya kila mtu, na yakiingiliwa lazima kuwe na utaratibu wa kisheria. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inatanguliza maslahi ya mtoto. Basi mwandikie mkuu wa shule umuulize: mnapima kwa kifungu gani, cha sheria ipi? Mimi nilijibiwa kwa mdomo, "ni agizo." Nilipodai karatasi ya agizo lenyewe haikuja, na wiki ya tatu mtoto akaitwa darasani. Jina lake hakuna aliyelisafisha mbele ya wenzake, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kama mwanao anatumia dawa yoyote ya hospitali wiki hii, toa kopi ya cheti akae nayo kwenye begi.