Je, asiyeona anaweza kusomea makombe ya bahari?

SWALI: Assalam aleikum, Mhariri. Mdogo wangu wa kike, ambaye haoni tangu utotoni, anapenda mno kupapasa makombe tuliyoachiwa na marehemu babu, na kila moja hulitambua kwa vidole. Anasema akimaliza shule atasomea konokono wa baharini. Jamaa zetu wanamvunja moyo kwa kumwambia kuwa elimu hiyo ni ya wenye macho. Je, yuko asiyeona aliyewahi kuifikia? – Msomaji, Likoni, Mombasa

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu msomaji. Wapo, na wawili kati yao ni vigogo wa elimu hii.

Wa kwanza ni Georg Rumphius, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1627 na kuitumikia kampuni ya Waholanzi katika kisiwa cha Ambon, ambacho leo kimo Indonesia. Alipofuka mwaka 1670 kabla hajamaliza kuandika habari za mimea na viumbe vya huko, na mwaka 1674 tetemeko la ardhi likamuua mkewe na binti yake. Hata hivyo aliendelea, akipapasa na kuwatamkia wasaidizi wake maneno ya kuandika. Kitabu chake kuhusu makombe kilichapishwa Amsterdam mwaka 1705, miaka 3 baada ya kufa kwake, na Carl Linnaeus wa Uswidi alikitegemea alipoyapa makombe mengi majina ya kisayansi.

Wa pili ni Geerat Vermeij, aliyezaliwa Uholanzi mwaka 1946, akapofuka akiwa na miaka 3, kisha akawa profesa katika Chuo Kikuu cha California, Davis. Mapenzi yake yalianzia darasani Marekani, mwalimu alipoleta makombe ya Florida yaliyokuwa na nakshi asizowahi kuzigusa katika makombe ya pwani ya Uholanzi. Vidole vyake ndivyo vilivyomwonyesha makovu, yaani mahali gamba lilipovunjwa na kaa kisha konokono akaliziba, na kutokana na makovu hayo akaeleza jinsi magamba yalivyozidi kuwa imara, vizazi kwa vizazi, kadiri maadui wavunjao magamba walivyozidi nguvu.

Mpe mdogo wako dondo alishike. Mgongoni ni laini mno, kwa sababu konokono akiwa hai hulifunika gamba lake kwa nyama yake mwenyewe, ambayo hulilinda lisikwaruzwe na kuliongezea tabaka linalong'aa. Aligeuze tumboni: atakuta mlango mwembamba kama ufa, wenye meno pande zote mbili, ambao gando la kaa haliupenyi kwa urahisi. Hayo ndiyo aliyoyasoma Vermeij, na hayahitaji macho.

Lakini ninasisitiza jambo moja. Apapase makombe matupu tu, kwani mwambani kwetu wamo konokono wenye gamba la umbo la pia, ambao huchoma kwa mwiba wenye sumu. Baadhi yao wanaua, na Rumphius mwenyewe aliandika habari za mwanamke aliyekufa baada ya kumshika mmoja. Pia, ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, hairuhusiwi kuokota kombe lolote, hata likiwa tupu, kwa hiyo makombe ya babu yenu yanamtosha kuanzia.