Baba akisemeshwa njiani, anasimama

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 67. Mwaka jana alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalegea. Sasa anatembea mwenyewe hapa nyumbani Walukuba. Shida ni njiani. Tukienda sokoni nikamuuliza jambo, anasimama kabisa, anajibu, ndipo anaendelea. Kaka yangu anasema ni ukaidi wa uzee. Shangazi anataka mguu ukandwe kwa mafuta kila jioni. Je, ugonjwa uko mguuni au kichwani? – Binti yake, Jinja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kazi yangu hapa Kampala ni kuwapima watu wakitembea na kuchunguza ubongo unafanya nini mguu unapoinuka. Kwa hiyo umenigusa penyewe.

Kaka yako hajamtendea baba haki. Mtu mwenye afya hafikirii hatua zake. Ndani ya uti wa mgongo mna mitandao ya neva inayoweza yenyewe kupishanisha kushoto na kulia. Mwaka 1911 Thomas Graham Brown alilionyesha hilo kwa paka: uti uliotenganishwa na ubongo uliendelea kuichezesha miguu kwa zamu. Lakini sisi si paka. Mguu wa binadamu hungoja sana amri ya ubongo, hasa ya kuinua wayo usiburuze, na amri za mguu wa kulia kwa kawaida hutoka ubongo wa kushoto. Misuli ya baba ipo. Njia ya amri ndiyo iliyoumia.

Njia hiyo ikiumia, sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupanga na kuwa makini, huingilia kusaidia. Ipo kofia yenye taa ndogo zinazopima oksijeni ya damu nyuma ya paji la uso. Kwa waliopata kiharusi, mara nyingi huonyesha sehemu hiyo ikifanya kazi nyingi mtu anapotembea tu. Ni kama kondakta wa taksi aliyeachiwa na usukani. Ukimuuliza baba bei ya samaki, lazima kimoja kingoje. Naye anasimama kwanza, jambo ambalo mimi naliona ni busara.

Hata hivyo usilipuuze. Watafiti wa Sweden mwaka 1997 waliwatazama wazee 58 waliokuwa wakiishi kwenye makao ya kulelea wazee. Waliosimama walipoanza kusemeshwa walikuwa 12, na 10 kati yao walianguka ndani ya miezi sita.

Jipimieni wenyewe. Pima mita 10 barazani, umwache aanze hatua chache nyuma ya alama, utazame saa ya simu. Akizimaliza kwa sekunde 12 hivi, mwendo huo unatosha kwa wengi kutembea mtaani. Kisha arudie huku akitaja majina ya samaki au ya wajukuu. Tofauti ikiwa kubwa, mwonyeshe mtaalamu wa viungo aliye karibu nanyi.

Mazoezi ni kutembea kwenyewe, kila siku, hatua nyingi, maana ubongo hujifunza upya kwa kurudia. Aanze kimya. Akizoea, muongezee maneno machache mkiwa uani, wewe ukiwa upande wake wa kulia. Kuvuka barabara yenye bodaboda, hakuna mazungumzo, hata simu ikilia. Kidole cha mguu kikikwaruza ardhi, uliza kuhusu kifaa cha kushikilia kifundo. Dawa za presha asiziache. Na akilegea upya ghafla, au mdomo ukapinda, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Mafuta ya shangazi hayana ubaya, mradi nyayo zifutwe kabla baba hajakanyaga sakafu.